Jina Ambalo Halikusomwa

Wapendwa, kabla hatujaendelea, twendeni kidogo kwenye chuo kimoja cha milimani, chuo ambacho wanafunzi wote hulala hukohuko na kula katika bwalo moja.

Siku moja kabla ya mahafali, mama mmoja mkaanga samaki aliteremka getini na ndugu zake kumi. Walikuwa wamekodi Kosta na kusafiri siku nzima kuja kumshangilia binti yake, msomi wa kwanza katika ukoo. Binti akatoka hosteli, akampigia mama magoti, akashindwa kuinuka.

"Mama, kesho jina langu halitasomwa. Nimeshindwa kukwambia kwenye simu."

Mama akamwinamia. "Umefeli?"

"Hapana. Utafiti wangu ulipata alama za juu. Lakini kurasa nne nilinakili kwa mwanafunzi wa zamani. Nikaenda mwenyewe kwa mhadhiri, nikamweleza. Ninarudia mwaka."

Mjomba akadakia, "Kwani nani alikuona?"

"Hakuna."

"Sasa ulisema ya nini? Dereva, geuza gari!"

 Mama alimtazama mwanawe pale chini, macho mekundu, amekonda. Akaona jinsi mtoto yule alivyobeba jambo hili peke yake, ilhali angeweza kulinyamazia. Akamshika mikono, akamwinua.

"Hakuna anayerudi," akasema. "Kesho tunakaa mbele."

Na kweli wakakaa mbele. Majina yakasomwa, majoho yakapita, familia za watu zikaruka. Hao kumi na mmoja wameketi tu, mjomba kainamisha kichwa. Jina la mwisho likasomwa, watu wakaanza kuinuka. Hapo ndipo mama aliposimama juu ya kiti akapiga vigelegele, uwanja mzima ukageuka.

Mgeni mmoja akamuuliza, "Wa kwenu yuko wapi?"

"Yule pale, mwenye gauni la bluu."

"Mbona hana joho?"

"Angekuwa nalo leo," mama akasema, kifua mbele, "kama angenyamaza."

Mjomba alisikia. Akanyanyua kichwa, akaanza kupiga makofi.

Sasa nawauliza, wapendwa. Sisi huwa tunamshangilia nani? Mtoto akileta ripoti tunauliza, umepata ngapi? Nani kati yetu amewahi kuuliza, umezipataje? Tunawafundisha kushinda, halafu tunashangaa wakiwa wakubwa, wamekalia ofisi, wanatuibia! Walijifunzia wapi? Si sebuleni kwetu?

Mungu anajua alama zetu zote, na zile kurasa nne pia anazijua. Kwake, anayekiri hajashindwa.

Leo ukifika nyumbani, mwite mwanao, muulize alama zake amezipataje. Akikwambia ukweli, hata kama unauma, usimpige. Mpigie vigelegele.