Figa Lisilo na Masizi

Wametusimulia waliotangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji wa Zarwani aliishi mjane mchamungu, Bi Lubaba, mshona sanda. Kwao ni Huraya, nchi ya jirani. Zarwani aliletwa na ndoa. Mumewe alifia vitani Nasfa, na sanda aliyomshonea ikabaki sandukuni, maana mwili haukurudi. Akabakiwa na mwana mmoja, Ubaidi, askari wa sultani.

Sasa watu wa Huraya walikuwa na desturi yao. Wakifikwa na dhiki ya kuwashinda, hung'oa figa moja katika mafiga matatu ya jikoni wakalipeleka kwa jirani. Maana yake, chungu chetu hakisimami tena, tufikieni.

Ijumaa moja, baada ya sala, Waziri Qutaibu akaleta figa msikitini. Akasema limetoka Huraya, watu wanateswa na mfalme wao, wanaomba jeshi likawaokoe. Vijana wakapiga takbiri, kwani nani asiyependa kuitwa mwokozi? Zile chemchemi za Huraya alizozitamani miaka na miaka, waziri hakuzitaja. Sultani Mundhiri akataka shahidi anayeijua desturi hiyo, akaitwa Bi Lubaba.

Mlangoni waziri akamnong'oneza kwamba akithibitisha, Ubaidi atabaki kulinda lango la mji. Akikanusha, atawekwa safu ya mbele. Maskini mama wa watu! Akaikumbuka ile sanda ya sandukuni. Akavuta uradi, akaingia.

Alilipokea figa, akalipangusa kwa kidole, kisha akakitazama kidole chake. Kilikuwa safi.

"Maulana," akasema, "jiwe hili halijaonja moto. Huraya hakuna figa lisilo na masizi. Aliyelileta hajapika hata uji."

Watu wakacheka mle mle msikitini. Waziri akamwita bikizee mwenye kuwatetea madhalimu wa kwao.

"Huenda kweli wanadhulumiwa, baba," akajibu kwa upole. "Mimi nashuhudia jiwe tu. Lakini tulipokwenda kuwaokoa watu wa Nasfa hatukuwauliza, na hakubaki wa kutushukuru. Huku nilishona sanda mia tatu. Za kule sijui alizishona nani." Kisha akamgeukia sultani. "Na mwanangu, waziri ameniahidi safu ya mbele kwa neno hili. Nimeshamkabidhi kwa Mola wake."

Sultani akamvua waziri kilemba cha cheo, akaamuru Ubaidi atangulie mbele kweli, ila bila upanga, akawaulize watu wa Huraya wanataka nini.

Bi Lubaba akafunga saumu siku ishirini. Ya ishirini na moja Ubaidi akaingia uani, mikono myeusi tititi, amekumbatia figa. Watu wa Huraya walisema mfalme wao ni mkali, naam, na watamalizana naye wenyewe. Bali nzige wamemaliza mashamba, wanaomba mbegu. Ngamia waliokusanywa kwa vita wakapakiwa mtama.

Basi, waja wa Mola, tukiambiwa jirani analia, tutangulize masikio yetu. Bi Lubaba aliishika mikono ile ya mwanawe, na masizi yake, hakumruhusu kunawa mpaka jua lilipokuchwa.