Nani Atamwosha Mbodze

Sogeeni, wajukuu, na wewe Tatu acha kumchokoza mwenzio. Nawapeleka mbali, enzi ambazo hata bibi wa bibi yangu alizisikia kwa kusimuliwa tu.

Enzi hizo palikuwa na mji wenye ukuta. Nje ya ukuta, peke yake, alikaa mfinyanzi jina lake Mbodze. Hakuwa wa dini ya mji ule, wala hakujua kusoma, wala hakuwa na mtu. Watu walinunua vyungu vyake, wakamsalimu kwa mbali, basi.

Mwaka mmoja ndui ikaingia. Watu wakafa, na wenye miguu wakakimbia. Wakakimbia waosha maiti, akakimbia na Mwalimu Shekuwe, kitabu cha dini kwapani. Msicheke, nanyi mngekimbia. Maiti wakabaki majumbani. Mbodze, ambaye ndui alishaiugua utotoni, akaingia mjini na maji. Akaosha. Kesho akaosha. Kesho kutwa akaosha. Dua hakuzijua, kwa hiyo aliwapa maiti habari za nyumbani: "Mbuzi wako amezaa pacha. Mlango nimekufungia." Kisha akawazika.

Ndui ilipokwisha, mji ukarudi. Mwalimu akamwendea.

"Mama, umewaosha watu wetu bila dua. Nani alikuamuru?"

"Hakuna. Mama yako alikuwa na nzi usoni, Mwalimu."

Mwalimu akainamisha kichwa.

"Na mimi nikifa," Mbodze akauliza, "nani ataniosha?"

"Wewe si wa dini yetu, mama. Ngoja nitazame kitabuni."

Ngoja hiyo, wajukuu, ilikuwa ndefu. Mwaka ukapita. "Umeona, Mwalimu?" "Bado natazama, mama." Miaka kumi ikapita. "Umeona?" "Bado." Na siku zote hizo hakuna aliyempigia hodi ila mwenye kutaka chungu. Mimi nikimfikiria moyo huniuma, siwafichi.

Asubuhi moja moshi haukutoka kwake. Wanawake wakamwendea Mwalimu.

"Twende, tusiende?"

Mwalimu, mzee sasa, akafunua kurasa. Akafunua, akafunua, mpaka alasiri. Mwisho akakifunga kitabu, akasema kwa sauti ndogo, "Nendeni mkamwoshe."

Wakaenda na maji. Wakamkuta kitandani amenyooka, shuka safi, nywele bado zina unyevu, na taya amejifunga mwenyewe kwa kitambaa, kama maiti anavyofungwa. Alikuwa ameshajiosha.

Wale wanawake wakasimama na ndoo zao, hawana pa kuyamwaga maji.

Kitabu sikilaumu, wajukuu, nami nakisoma. Namlaumu aliyetafuta humo ruhusa ya kumwosha mtu aliyemwoshea mama yake. Jambo jema mkiliona mbele yenu, lifanyeni siku hiyohiyo.

Mzigo wangu nautua hapo. Mwenye mabega aubebe.