Ngamia Aliyelikataa Tandiko la Wahbi

Wamesimulia waliotutangulia, nao walipokea kwa watu wakweli wa maneno, kwamba katika mji mmoja mkongwe ukingoni mwa jangwa la Sham aliishi mja mwema aitwaye Wahbi bin Suhaili, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kazi yake ilikuwa kushona matandiko ya ngamia.

Wahbi hakushona kwa kukisia. Msafiri alipomjia, alitaka kwanza aletewe ngamia mwenyewe, akampapasa mgongo kuanzia nunduni hadi kiunoni, ndipo akajaza majani makavu na sufu kwa kadiri ya mnyama yule na si mwingine. Tena ilikuwa ada yake kwamba msafara ukishaondoka, aliufuata kwa punda hadi kituo cha kwanza cha kulala, akafungua mishono na kujaza upya pale palipobonyea. Kwa hilo hakudai ujira. Na kila alipopitisha shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, ulimi wake ulimtaja Mola wake kwa sauti ya chini yenye mahadhi. Ngamia walimzoea. Wengi wao walipiga magoti mbele ya duka lake kabla hawajaamriwa.

Kisha mambo yakabadilika. Alikuja liwali mpya, akajenga daraja mtoni, na njia ya misafara ikahamia huko. Soko likaifuata njia, watu wakalifuata soko. Mtaa wa Wahbi ukabaki na paka na wazee. Hapo shemeji yake, Ghanimu, kaka wa mkewe, akamwita Mji Mpya awe mkuu wa mafundi katika karakana ya liwali. Wahbi akaenda. Wapo wanaosema alikwenda kwa kulazimishwa, sivyo. Alikwenda kwa hiari yake, akitafuta riziki ya halali, na hapana aibu katika hilo.

Riziki akaipata. Mkewe, Bi Atika, ambaye miaka yote aliteka maji mbali na kuyabeba kichwani, alipewa nyumba yenye kisima uani. Siku ya kwanza alikizunguka kisima kile akicheka peke yake kama msichana.

Lakini katika karakana ile matandiko yalishonwa kwa kipimo kimoja, kwa ngamia wa mwinyi na wa mnyonge, mnene na mkondefu. Kazi ya Wahbi haikuwa tena kushona. Alilitazama kila tandiko lililokamilika na kulifunga fundo lake la ngozi, alama ya kazi yake, ambalo wasafiri walilijua na kuliamini. Alifunga mafundo tangu asubuhi hadi alasiri, na hakutambua ni siku gani ulimi wake ulinyamaza.

Hata siku moja alitoka uani na tandiko jipya mikononi. Ngamia jike wa rangi ya majivu alipoliona alinguruma, akarudi nyuma, akamtemea mate kifuani.

"Msamehe, bwana," alisema mwenye ngamia, mzee Rukaza, akijizuia kucheka. "Bibi huyu hana adabu kwa watu wa serikali."

Wahbi alimtazama mnyama, akamtambua. "Si yeye aliyekuwa akipiga magoti dukani kwangu?"

"Ndiye."

"Nani amemfanya hivi?"

Rukaza hakucheka tena. Alilinyanyua tandiko lililochakaa, nalo la karakana ile ile, lililokuwa mgongoni mwa ngamia. Chini yake palikuwa na kidonda kibichi cha upana wa kiganja, na ubavuni mwa tandiko lilining'inia fundo la Wahbi.

Wahbi alikwenda moja kwa moja kwa Ghanimu, akamwomba kila ngamia aletwe apimwe kabla ya kushonewa.

"Shemeji," Ghanimu alisema, "misafara ya liwali haina subira ya kupapaswa. Wewe funga fundo, mengine niachie mimi."

Alirudi nyumbani akamkuta mkewe kisimani. "Atika," alisema, "nataka turudi kwetu."

Bi Atika aliitua ndoo, akaifuta mikono yake kwa upindo wa nguo.

"Kisima hiki nimekiomba kwa Mungu tangu nikiwa mwari. Sikufichi, nitakililia." Akaisogeza ndoo kando. "Lakini tangu tuhamie hapa sijakusikia ukimtaja Mola wako ukiwa na kazi mkononi. Unakuja umenuna, unalala umenuna. Nimepata kisima ndani ya nyumba, nimempoteza mwenye nyumba. Funga mizigo."

Wahbi aliswali rakaa mbili akimtaka Mola wake shauri, na alipotoa salamu azma yake ilikuwa imekaa. Ghanimu alipoambiwa, alimwahidi mshahara maradufu; alipoona haufai kitu, akapandwa na hasira.

"Riziki imekuja mlangoni, unaitimua kwa ufagio! Kule utamshonea nani? Mijusi?"

"Mijusi nao wana migongo," Wahbi alijibu.

"Na dada yangu atakula nini?"

"Atakula nitakachokula, na amekubali mwenyewe, muulize. Ndugu yangu, umenitendea wema na siukani. Lakini nilikuwa mtu mwenye furaha mbele ya Mola wangu, na furaha ile hapa nimeikosa. Mshahara huu ni bei ya kitu nisichokiuza."

Kabla hajaondoka aliingia ghala la karakana akafungua mafundo yake yote, moja baada ya jingine, mpaka vidole vikachubuka. Ghanimu alisimama mlangoni akimtazama, wala hakumzuia.

Maisha waliyoyarudia yalikuwa magumu. Wateja walikuwa wachache, mkate wa shayiri mkavu, na Bi Atika alirudia njia yake ya kisimani. Walisubiri. Naye Wahbi alianza tena kumtaja Mola wake juu ya shazia, mwanzo kwa kusitasita, kama mtu anayebisha hodi nyumba aliyoihama.

Kisha Rukaza akaja, ameiacha njia ya daraja na kuzunguka jangwani, anamkokota ngamia wake wa majivu. Wahbi alimshonea tandiko lenye uwazi mahali pa kidonda, lisimguse. Lakini alipolisogeza, ngamia alinguruma na kurudi nyuma.

"Nimfunge kamba magotini?" Rukaza aliuliza.

"Usimguse. Hana kosa, mimi ndiye niliyemvunjia ahadi."

Akaliweka tandiko chini, akaketi kando yake, akashika kazi nyingine. Jua lilipanda, likapinduka. Akaswali adhuhuri, akarudi palepale, akashona na kumdhukuru Mola wake kwa mahadhi yale ya zamani. Ngamia alisimama masikio yamemwelekea. Hatua kwa hatua akasogea, akanusa bega la Wahbi, akalinusa tandiko. Ndipo, pasipo kuamriwa na mtu, akapiga magoti.

Inasemwa Wahbi alilia mpaka shazia ikamponyoka.

Utajiri haukumrudia hadi alipofariki, na wanaopamba kisa hiki kwa hazina iliyofukuliwa wameongeza yao. Ndugu yangu muumini, mali si dhambi, wala si kila anayehama amepotea. Ila chunga ulimi wako na moyo wako uwapo kazini. Siku utakapoona vimenyamaza, jiulize umeuza nini, na ukirudi, rudi kwa azma. Mwenyezi Mungu atujaalie pato lisilotunyamazisha.