Wakili Aliyekuwa Haulizi

"Siri si kaburi." Leo mmemsikia mama mmoja akimwambia hivyo karani wa wilaya dirishani, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ni msemo gani huo. Msicheke. Msemo huo ulipozaliwa nilikuwapo, katika mahakama ya Luandi, nikiwa mkalimani, na hadi leo nikiukumbuka damu hunichemka.

Ulianza hivi. Palikuwa na wakili wa serikali aliyeitwa Mwajabu Kitwana, kazi yake kesi za usalama wa taifa. Mwanzoni tulimpenda. Ndiye aliyewafunga watu waliotega bomu sokoni, ingawa walimtishia kumuua. Serikali ikampandisha cheo. Huko juu akajifunza sentensi moja: "Mheshimiwa Jaji, hilo ni siri ya usalama wa taifa." Akishaisema, jaji anafunga jalada. Ndugu wakiuliza mtu wao amekosa nini, siri. Wakiuliza yuko wapi, siri. Wala hakuwa akisema uongo, maana hata yeye mwenyewe hakujua. Alikuwa hawaulizi wakubwa wake.

Basi akakamatwa kijana mmoja, Kasanda, fundi redio. Askari walikuta kibandani kwake redio ya upepo, ile ya kuzungumzia na watu wa mbali, aliyoletewa na mteja aitengeneze, wakasema anawasiliana na maadui. Mama yake, Bi Nyamizi, akafungua shauri ili mwanawe aletwe mahakamani. Mwaka mzima alikuja kila shauri lilipotajwa, na kila mara Mwajabu alisimama, akasema sentensi yake, akaketi.

Siku moja, Mwajabu alipokwisha kuketi, Bi Nyamizi aliinuka. Alisema kwa lugha ya kwao, nami nikatafsiri.

"Mwanangu wakili, sikuulizi tena alipo. Nakuuliza hivi: nimwekee chakula, au nimwekee matanga?"

Mwajabu alifungua kinywa, sentensi isitoke. Akaomba ruhusa, akatoka nje alikokuwa Afande Gwandu, mkuu wa kikosi kilichomkamata kijana. Nilikuwa karibu na mlango, nikawasikia.

"Kasanda yuko hai?"

"Yule? Alikufa mwezi uliopita," alisema Gwandu. "Kipigo kilimzidi. Tumemfukia nyuma ya kambi."

"Na mimi nasimama pale kusema nini?"

Gwandu akacheka. "Sema siri, kama kawaida yako. Siri ni kaburi zuri, wakili. Halina alama."

Sijapata kuona uso ukibadilika vile. Mwajabu alirudi ndani, hata hakungoja kupewa nafasi.

"Mheshimiwa Jaji, Kasanda aliuawa mwezi uliopita kwa kipigo mikononi mwa serikali. Amefukiwa nyuma ya kambi. Nimeambiwa niseme ni siri. Sisemi! Siri si kaburi!"

Jaji akaamuru maiti ifukuliwe, mama akabidhiwe mwanawe. Siku ya mazishi Mwajabu alikuja, akapiga magoti mbele ya Bi Nyamizi. Watu walitarajia wakumbatiane. Bi Nyamizi hakumgusa.

"Umenirudishia mwili, asante," alisema. "Lakini amekufa mwezi uliopita tu. Karibu mwaka mzima alikuwa hai, na wewe hukuuliza. Ungeuliza siku ya kwanza, leo ningekuwa nampikia."

Mwajabu alikamatwa palepale makaburini kwa kosa la kutoa siri za serikali, akafungwa kwa sheria ileile aliyokuwa akiitetea. Gwandu alihamishiwa kituo kingine, akala pensheni yake mpaka akafa kitandani kwake. Hilo ndilo linalonichoma.

Kwa hiyo msije mkaudhani msemo huu ni wa mzaha. Mtu akiwafungia dirisha kwa neno siri, msirudi nyumbani kungoja tarehe nyingine. Ulizeni siku hiyohiyo, ulizeni kwa sauti, ulizeni mtu wenu akiwa angali hai. Siri si kaburi.