Kiganja cha Mtama cha Yakuti

Mvua ikidondokea kifuu cha nazi kilichotupwa uani, mwenye nyumba hukiruka bila ya kukitazama. Chungu, yule mdudu mdogo aliyeshuka ukutani kutafuta njia, hufika ukingoni mwake akasimama, maana mbele yake pana bahari isiyo na ng'ambo. Waliolitazama hilo kwa makini ndio waliotuachia usemi kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kilicho haba kwa mmoja huweza kumzamisha mwingine, na kila kiumbe hupimiwa kwa kimo chake. Watu wa Wawi, kisiwani Pemba, waliijua methali hii tangu wakitambaa. Lakini kuijua methali ni jambo moja, na kuikumbuka siku inapohitajika ni jambo jingine kabisa.

Mwanzoni mwa mwaka 1959, karafuu za vuli zilipokwisha kuanikwa na kuuzwa, Bwana Soud, tajiri wa mashamba, alihamia Unguja pamoja na aila yake. Alikuwa na farasi wawili. Yule mkubwa, mwekundu, mrefu kama mlango wa nyumba ya mawe, alikwenda naye. Yule mdogo, aliyeitwa Yakuti, akampa Bi Kazija, mkunga aliyewapokea watoto wake wote duniani.

Zawadi hiyo ilifika wakati wake. Magoti ya Bi Kazija yalikuwa yameanza kumgomea, na vilima vya Pemba havimhurumii mwenye magoti mabovu. Masika yaliyopita aliitwa Vitongoji kwa Mwatum, mke wa Nyange, aliyekuwa na uchungu wa mtoto wa kwanza. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Alipofika, mtoto alikwisha kufunikwa nguo nyeupe, na Mwatum alikuwa ameugeukia ukuta. Sasa Mwatum alikuwa mjamzito tena. Bi Kazija alimwendea, akamshika mikono yote miwili na kumwahidi kuwa safari hii mkunga atakuwa mlangoni kabla uchungu haujakolea. Ahadi hiyo ilimlalia kifuani kama jiwe la kusagia.

Siku Yakuti alipoletwa, mtaa mzima ulitoka. Hakuwa mwanafarasi. Alikuwa farasi aliyekwisha kukomaa, wa jamii fupi, na mgongo wake ulifika mbavuni mwa mwanamume tu. Rangi yake ilikuwa ya buni iliyokaangwa ikaiva. Singa zake zilimwagika shingoni hadi machoni, na macho yenyewe yalikuwa makubwa, meusi, yenye maji, hata Bi Kazija alipoinama aliiona nyumba yake imo ndani yake, nzima, na mlango wake na mgomba wake. Mnyama akashusha pumzi. Joto lake lilimpita Bi Kazija kiganjani kama dua. Akasema kwa sauti ya chini, "Subhanallah," na hata waliokuja kwa mzaha wakapunguza sauti zao kama watu wanaovua viatu msikitini.

Basi likazuka suala la chakula. Wawi mgeni hapimiwi, na kumpa kidogo ni aibu ya ukoo. Wanawake walikaa barazani wakishindana juu ya chakula kilichotimia cha farasi kwa ukali wa watu wanaokata mahari. Mmoja alitaka apewe shayiri, wa pili akasema bila ya dengu zilizorowekwa mnyama hatimii, wa tatu akaapa kuwa ni pumba. Mzee Silima, mfugaji wa madume ya mchezo wa ng'ombe, ndiye aliyekata shauri. Aliwahi kumwona farasi mkubwa wa Bwana Soud akilishwa, ndoo nzima asubuhi na ndoo nzima jioni. Farasi ni farasi, alisema, na mnyama wa heshima hujulikana kwa mafuta yake.

Bi Kazija aliona haya kumpa Yakuti chini ya hapo. Alijaza hori kwa dengu, shayiri na mtama, asubuhi na jioni. Majirani nao hawakukubali kuachwa nyuma, wakaleta bakuli zilizofunikwa makawa, ndani yake muhogo mkavu, ndizi mbivu na tende. Mwanamize wa nyumba ya pili alileta hata halua, ingawa nusu yake ilikwisha kuliwa njiani na wanawe.

Mumewe Bi Kazija, Mzee Pandu, alisimama akilitazama hori lile kwa muda.

"Bibie," akasema, "tangu nikuoe sijapata kuwekewa sinia namna hii. Nami nikiota mkia, utanifikiria?"

"Ota kwanza," akajibiwa.

Yakuti akanenepa, aking'aa kama sufuria ya harusi. Shingo yake ilifanya tuta gumu juu, na Mzee Silima alikuwa akilipapasa tuta lile na kulisifu. Mara kadhaa Yakuti alimchukua mkunga kwa wanawake wa jirani waliokuwa wakijifungua, Bi Kazija akiwa amekaa upande upande juu ya mikeka iliyokunjwa, buibui limekusanywa, na Pandu mbele ameshika kamba. Waliowaona walisimama hadi wapite. Bi Kazija mwenyewe, kila akiinuliwa na mgongo ule, alihisi kwamba kilima kimeinama kumpisha.

Asubuhi moja, katika mwezi wa Shaabani, Yakuti hakutoka bandani. Alisimama ameitupa miguu ya mbele mbali na kiwiliwili, uzito wote ameuegemeza nyuma, kama mtu aliyekanyaga makaa na hana pa kuutia mguu. Bi Kazija alizishika kwato zake. Zilikuwa na moto kama bakuli lililomiminwa uji sasa hivi.

Mzee Silima aliitwa, akatazama, akatikisa kichwa. Alisema mnyama akisimama vile anaomba nguvu, basi aongezewe. Bi Kazija akaongeza dengu. Kesho yake Yakuti alilala chini na kuguna, jasho limemlowesha shingo, na macho yale yaliyokuwa na nyumba ndani yake yakawa hayana kitu. Masika hayakuwa mbali, na mimba ya Mwatum ilikuwa ikishuka. Bi Kazija alikaa karibu na kichwa cha farasi akiona ahadi yake imelala pale chini kwenye majani.

Ndipo alipoitwa nyumba ya tatu kwa Moza, binti aliyejifungua juzi yake. Moza alikuwa akilia. Alisema hana maziwa, ila matone tu, mazito, ya rangi ya manjano, na mama mkwe alikwisha kuweka uji jikoni ili mtoto asife na njaa. Bi Kazija aliagiza uji ule uondolewe. Akakaa kitandani, akaukunjua mkono wa mtoto, kisha akaufunga tena.

"Mwanangu Moza, itazame ngumi hii. Tumbo lake si kubwa kuliko hii. Hayo matone unayoyalilia, kwake yeye ni karamu. Huo uji ndio utakaomuua. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu."

Neno hilo likamrudia mwenyewe. Ngumi ya mtoto ilikuwa bado mkononi mwake, ndogo, yenye joto, imetimia kucha na mistari yake yote, na Bi Kazija aliikodolea macho kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuona mkono wa binadamu. Mama mkwe akamuuliza kuna nini. Aliinuka akatoka, mtandio umemwenda upande.

Bandani alimtazama Yakuti, kisha akamfikiria yule mwekundu wa Bwana Soud. Mgongo wa Yakuti ulikomea kifuani mwa yule. Alikumbuka Bwana Soud aliwahi kumsimulia kwamba mababu wa Yakuti walitoka milima ya mawe na baridi, ambako jani moja hutafutwa asubuhi nzima. Mwenyezi Mungu aliwaumba viumbe hao wajue kulitoa jani moja nguvu zote zilizomo. Na yeye akakimiminia kiwiliwili kama hicho ndoo juu ya ndoo! Akalipindua hori, nafaka ikamwagikia kuku.

Pandu na wanaume wenzake walimwinua Yakuti wakamteremsha polepole hadi kwenye bonde la mpunga nyuma ya nyumba, wakamsimamisha kwenye tope baridi ili kwato zipoe. Kuanzia siku hiyo chakula chake kilikuwa majani makavu ya mlimani, maji safi, chumvi ya kulamba na kiganja cha pumba. Hicho ndicho kilichokuwa chakula kilichotimia kwake.

Wawi haikusamehe upesi. Bakuli zilikuja na zikarudishwa zikiwa zimejaa, jambo ambalo halikupata kutokea mtaani. Mwanamize akaacha kumwamkia. Mzee Silima akatangaza dukani kwamba Bi Kazija amemfungisha farasi wa watu Ramadhani na mwezi haujaandama. Pandu alipomwambia kuwa watu wanasema, mkewe hakuinua kichwa.

"Wacha waseme. Tuliosema ale ndio tuliomuumiza, na mie ndiye wa kwanza."

Ramadhani ya watu ikaandama kweli, ikaisha, na ya Yakuti ikaendelea. Tuta la shingo likalainika. Moto ukatoka kwatoni kidogo kidogo. Siku chache baada ya Idi, Pandu akiwa amemshika kamba bondeni, Yakuti aliinua mguu wa mbele, akauweka, akausikiliza. Akainua wa pili. Kisha akatoka topeni kwa hatua nzima, ndege yangeyange wakaruka pande zote wakiwa weupe juu yake, naye akatikisa singa hadi matone yakametameta hewani. Pandu, mtu wa mzaha, alikaa kwenye tuta la shamba na kufuta macho kwa upindo wa shuka.

Mvua kubwa za masika zilipoanza, Nyange aliwasili asubuhi akihema, amelowa hadi kiunoni. Uchungu ulikuwa umemshika Mwatum. Njia ilikuwa ile ile ya mwaka jana na utelezi wake ule ule. Yakuti aliupanda udongo mwekundu kwa kwato ndogo zilizoshika ardhi kama vidole, bila ya kusita, na Bi Kazija mgongoni alisoma kila dua aliyoijua. Alipoingia, Mwatum alikuwa bado na nguvu ya kumtazama. Alimshika mkono, na hakuuachia.

Adhana ya adhuhuri ilipokwisha, mtoto wa kike alilia.

Nyange alitoka mbio, akarudi na sinia la mtama lililofurika, akalitua mbele ya Yakuti. Bi Kazija, mikono ingali imelowa, alitokea mlangoni. Alichota mtama kiganjani, akamlisha farasi, kisha akalisukuma sinia pembeni.

Uso wa Nyange ukabadilika. "Bi Kazija, kiumbe aliyeniletea heri hii nimpe kiganja tu?"

"Kiganja hiki kwake ndicho sinia lako zima, mwanangu. Hilo lako lisage, ule na wageni wako."

Yakuti akakilamba kiganja hadi chembe ya mwisho, akashusha pumzi yake ya joto na kusimama ametulia chini ya upenu, amekinai. Ndani, mtoto alikwisha kunyamaza. Alikuwa amepata tone lake la kwanza, na midomo ilikuwa imelala wazi kwa shibe. Nyange, akiwa mlangoni, alimtazama farasi, akamtazama mtoto, akaliinua sinia lake. Hakika, maji ya kifuu ni bahari ya chungu.