Miguu ya Febronia Mbele ya Mfalme

Palikuwa na mfalme mmoja aitwaye Merkuri, katika nchi ya Dengura, zamani zile wafalme walipovaa msalaba kifuani na upanga kiunoni, wakavitumia vyote viwili kwa bidii ileile. Mfalme huyu alikuwa mcha Mungu. Nasema hivyo kwa sababu yeye mwenyewe alisema hivyo, na hapakuwa na mtu wa kumbishia.

Kila Alhamisi Kuu aliwaosha miguu maskini kumi na wawili mbele ya watu, kama Bwana Yesu alivyowaosha wanafunzi wake. Alijifunga kitambaa kiunoni, akapiga magoti. Tena desturi ilikuwa kwamba kila aliyeoshwa aombe jambo moja, na mfalme haruhusiwi kuinuka mpaka ametoa jibu.

Shida ilikuwa moja tu. Mfalme Merkuri alichukia uchafu. Basi akatoa amri: maskini wote waje na miguu iliyokwisha kuoshwa, ikasuguliwa kwa jiwe na kupakwa mafuta ya kunukia. Atakayekuja na uchafu, viboko. Kwa hiyo maskini walioshwa huko nje na watumishi, kisha wakabebwa mgongoni hadi kanisani wasije wakakanyaga vumbi. Mfalme akaosha miguu safi, maji yakabaki meupe vilevile, watu wakatokwa na machozi kwa unyenyekevu wake. Maombi nayo yalifundishwa mapema. Wote waliomba mfalme aishi miaka mingi. Mfalme alikubali bila kusita.

Sasa, katika mji huo aliishi mjane mmoja, Febronia, mfinyanzi wa vyungu, ambaye udongo wake aliukanda kwa miguu. Mwanawe wa pekee, Kosma, alikuwa askari wa kulinda mateka. Siku moja shujaa mmoja wa upande wa adui, aliyekuwa kifungoni, alimwomba ruhusa ashuke mtoni kunywa maji. Akaapa kwa msalaba kwamba atarudi. Kosma akamwamini, akamfungulia. Mpaka leo yule bwana bado anakunywa.

Mfalme akaamuru Kosma anyongwe Pasaka ikishapita. Febronia akaenda kumwangukia.

"Nitamsamehe," mfalme akasema. "Mimi ni Mkristo. Lakini kwanza amrudishe yule mateka."

"Mwanangu yumo kwenye minyororo, Mfalme wangu. Atamrudishaje?"

"Hilo ni lake. Msamaha wangu hapewi asiyestahili."

Febronia akarudi nyumbani akalia sana. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, na siku zilikuwa zinakwenda. Alipomaliza kulia akaingia kwenye shimo lake la udongo, akakanda.

Alhamisi Kuu ikafika. Bibi mmoja kati ya wale maskini alikuwa anaumwa, na watumishi walipokwisha kuwabeba wenzake, Febronia akapenya akaketi mahali pake, miguu ameifunika kwa shuka. Mfalme akaosha huyu, akaosha yule, akifanya haraka maana chakula kilikuwa kinamngoja. Akafika kwa Febronia. Akafunua shuka.

Udongo ulianzia kwenye vidole ukafika magotini. Waimbaji wakanyamaza katikati ya wimbo.

"Nini hiki?" mfalme akauliza.

"Miguu, Mfalme wangu."

"Mimi naona matope!"

"Miguu imo ndani."

"Hukuisikia amri yangu?"

"Niliisikia. Nikadhani mpiga mbiu amekosea. Mtu aliyekwisha kuoshwa, mfalme atamwosha nini tena?"

Huko nyuma mtu akacheka, akageuza ikawa kikohozi. Askofu Zakaria akainua macho akaanza kuchunguza dari.

"Nenda kajioshe kwanza," mfalme akasema, "ndipo urudi nikuoshe!"

"Nitakwenda, Baba. Ila hawa wote wataniuliza wewe umebakiwa na kazi gani."

Mfalme akawatazama watu. Watu wakamtazama mfalme. Alitamani kuagiza viboko, lakini alikuwa amepiga magoti na kitambaa kiunoni, na mtu aliyekaa mkao huo viboko havimtoki vizuri mdomoni. Basi akaosha. Maji yakawa uji. Wakaleta beseni jingine, nalo likawa uji. Udongo ukamwingia kwenye kucha. Kwa mara ya kwanza tangu atawazwe, Mfalme Merkuri alitoka jasho kanisani.

"Haya, omba," akasema, meno yameumana. "Bila shaka unataka niishi miaka mingi."

"Hiyo umekwisha kuombewa na wenzangu. Mimi namtaka Kosma."

"Kosma ni mpumbavu! Aliamini kiapo cha adui!"

"Kweli kabisa. Nilimleta katika kanisa hili tangu akiwa mgongoni. Wakamfundisha kwamba aliyeapa kwa msalaba aaminiwe. Hakuna aliyemwambia kwamba ni maneno ya Jumapili tu."

Magoti ya mfalme yalianza kuuma. Akajaribu kuinuka.

"Bado hujajibu, Mfalme," Askofu akasema kwa upole, macho yakiwa palepale darini.

Niwatoe wasiwasi, wenzangu: Kosma alikula Pasaka nyumbani kwa mama yake, tena alikula chakula cha watu wawili. Lakini kabla mfalme hajakubali alijaribu kwa mara ya mwisho, kisigino cha yule mama kikiwa bado mkononi mwake.

"Febronia, sema kweli mbele ya Mungu. Mwanao ana kosa?"

"Analo."

"Anaweza kulilipa?"

"Hawezi."

"Basi nitajie jambo moja, hata liwe dogo namna gani, linalomfanya astahili kusamehewa!"

"Sina, Mfalme wangu. Ningekuwa nalo, ningekwenda kwa hakimu."