Lahavi, Mwanamke Aliyefufua Maneno

Zama za mababu, kisiwa cha Nusamari kilipokuwa na watu wachache kuliko minazi yake, aliishi Lahavi binti Tamoluo, mjukuu wa wavuka bahari, Lahavi wa mabega mapana, aliyekokota peke yake hadi mchangani ngalawa iliyowashinda wanaume. Jina lake, kwa lugha yao ndogo isiyosemwa kwingineko duniani, maana yake ni moto.

Watu wale waliitwa kwa majina ya vitu, na mtu akifa neno lake lilizikwa naye; kulitamka tena kulikuwa mwiko. Nani alianzisha jambo hili? Nimeuliza sana, sijajibiwa. Basi alipozikwa mzee mmoja aliyeitwa Papa, yule samaki mla watu naye akabaki hana jina. Siku moja pezi likazuka karibu na mwana wa Lahavi akiogelea. Watu wakapiga kelele ufukweni, "Kile! Kile!" Mtoto akatazama juu, akidhani anaonyeshwa ndege. Hakurudi.

Lahavi, mama aliyechomwa na uchungu, alikwenda makaburini, akayabiringisha mawe mazito, akaita kila neno lililozikwa aliloweza kulikumbuka mpaka sauti ikamkauka. Tamoluo, baba yake na mlinzi wa mwiko, akatoa hukumu: "Mwanangu, umewaamsha wafu. Kisiwa hiki hakikutaki tena."

Naye akajibu: "Baba, wafu hawaliwi na papa. Mimi naondoka, maneno yanabaki."

Akapiga kasia kuelekea mawio ya jua, asionekane tena. Alifia wapi? Bahari haisemi.

Watu, kwa hofu, wakalizika jina lake pia. Ikafika masika, mvua ikalizima jiko la Tamoluo. Mzee akaenda kwa jirani na kigae chake cha kubebea makaa, akasimama mlangoni, asiweze kuomba alichokifuata. Jirani alijua, lakini naye aliogopa. Ndipo yule mzee, mwenye kiburi cha mwamba, akabubujikwa na machozi.

"Lahavi," akasema. "Jamani, nipeni lahavi."

Tangu hapo, Nusamari hawafukii kaburi kabla ya aliyemkosea marehemu kuliko wote kulitamka jina lake kwa sauti. Na kila alfajiri, jiko likizimika, mtu hubisha kwa jirani, akaomba lahavi, akapewa.